Kosa la mgawaji, deni la nani?

Wandugu na dada wa ukurasa huu, leo siandiki juu ya mihogo wala mbolea. Nimesoma kitabu cha sheria, na nataka kukisifu na kukigombeza pia. Si sheria za nchi, hapana. Ni sheria za mashindano ya poka, ile inayochezwa uso kwa uso mezani, na karata za kushika mkononi na mtu wa kuzigawa. Nilipowaambia wenzangu wawili ya kwamba ninasoma kitu kama hicho, mmoja akacheka: «Weye muagronome, poka inakuhusu na nini?» Nitamjibu, lakini anipe muda kidogo.

Kwanza niseme wazi: siiti mtu kwenda kucheza pesa. Tuko na vijana wa kutosha wanaomalizia mshahara wa kufundisha ku matokeo ya mpira ya Ulaya. Mimi mwenyewe poka nimeicheza paka kwenye simu, na jetoni za bure, na kutazama mashindano kwenye video wakati megabaiti ziko. Kilichonivuta si pesa. Ni swali moja tu: wakati mtu aliyepewa kazi ya kuendesha mchezo amekosea, nani analipa?

Wengi wetu tulikutana na poka ku filamu Casino Royale, ile ya Martin Campbell ya 2006, Daniel Craig akicheza James Bond kwa mara ya kwanza. Niliiona nikiwa sekondari, ku kibanda cha video, watu sita benchi moja. Katika kitabu cha Ian Fleming cha 1953 mchezo ulikuwa baccarat. Wenye filamu wakaubadilisha kuwa poka, na si ajabu, miaka ile poka ilikuwa imeshika dunia. Mkumbuke mkono wa mwisho. Mezani kuna karata tano wazi: asi mbili, 8, 6 na 4. Watu wanne wameweka jetoni zao zote, na dau la katikati limefika dola milioni 115. Wa kwanza anafunua: yuko na karata tano za piki. Wa pili anafunua: 8 tatu na asi mbili. Le Chiffre anafunua asi tatu na 6 mbili. Bond anangoja, anangoja tena, halafu anaweka 5 na 7 za piki: 4, 5, 6, 7, 8, zote piki, mfululizo. Kibandani tulipiga kelele mpaka mwenye kibanda akatishia kuzima jenereta.

Nimeitazama tena mwaka huu, kiisha kusoma sheria, na kelele imenitoka. Sheria ya mashindano inasema kwamba pale mchezaji ameweka jetoni zake zote na wengine wamemaliza kuweka madau, karata za wote walio ndani zinafunuliwa bila kuchelewa. Zote. Hakuna kungojea zamu ili moyo wa mwenzako upasuke vizuri. Mtu anayejua ameshinda na bado anachelewesha karata zake, kwa wacheza poka huyo amekosa malezi, hata akiwa na suti ya bei kali. Kisha Bond anamsukumia mgawaji jetoni ya nusu milioni kama zawadi. Katika mashindano ya kweli jetoni si pesa, ni hesabu ya mchezo tu; kumpa mgawaji jetoni ni kama kumlipa mwalimu kwa pointi za mtihani.

Lakini ubaya wenyewe wa ile sehemu ni namna imemchora mgawaji. Hakosei. Haulizwi kitu. Hahesabu vibaya, karata haimponyoki, hakuna mtu anayemwambia «ngoja kidogo.» Filamu imemfanya kuwa fenicha inayosema. Na sisi tuliotoka kibandani tukabaki na wazo kwamba mezani kuna wachezaji tu, na sheria inajiendesha yenyewe kama maji ya mto.

Sasa tazameni dunia ya kweli miaka ileile. Mu 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, alishinda shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas, kati ya wachezaji 839, akachukua dola milioni 2.5. Aliingia kupitia shindano dogo la ku intaneti. Watu wakaona: kumbe mhasibu anaweza! Mu 2006, mwaka wa ile filamu, wachezaji walikuwa 8,773, na mshindi Jamie Gold akapewa dola milioni 12. Miaka mitatu, mara kumi. Hata ukiwagawa ku siku kadhaa, ni meza mamia, na kila meza inataka mtu wa kuchanganya karata, kugawa, kuhesabu madau, kutenga dau la pembeni wakati mwenye jetoni chache ameziweka zote, kusoma karata za kila mtu pale mwisho, na kusukuma jetoni kwa mshindi. Mara ishirini na zaidi kwa saa. Wengi wao ni watu wa kazi ya muda. Hawa njo wanaoshika mchezo. Na wanakosea, kwa sababu ni watu.

Kitabu ninachokisema kinaanza na ukweli huo. Kimetungwa na chama cha wasimamizi wa mashindano ya poka, kilichoanzishwa mu 2001 na Matt Savage, Linda Johnson, Jan Fisher na David Lamb. Kabla ya pale kila kasino ilikuwaka na sheria zake. Ulichojifunza ku nyumba moja kilikuwa kosa ku nyumba ingine. Wakakaa, wakaandika sheria za pamoja, na wanazirekebisha kila kiisha miaka michache. Ziko bure ku intaneti, zaidi ya sheria 70. Nilizisoma na Kiingereza changu cha kamusi, jioni kwa jioni, na ninawaambia: kuna kurasa mule zenye akili kuliko vitabu vya usimamizi vilivyotutoa jasho ku licence.

Sheria ya kwanza kabisa, mbele ya zote, inasema kwamba faida ya mchezo na haki njo vitu vya kwanza katika kuamua, na kwamba mara moja moja, jambo lisilo la kawaida likitokea, akili ya kawaida inaweza kupita mbele ya maandishi. Uamuzi wa msimamizi wa ukumbi ni wa mwisho. Nilisimama pale muda mrefu. Ni nani kwetu anaandika kwa kalamu yake mwenyewe, ukurasa wa kwanza, kwamba kalamu yake haitoshi?

Nipeni nafasi ya kitu kimoja kidogo ambacho kilinifurahisha kama mtoto. Mgawaji anapaswa kufunua karata tatu katikati ya meza. Siku ingine mbili zinashikamana, anafunua nne. Watu wanne wamekwisha kuziona. Utafanya nini? Mwenye akili fupi atasema: ondoa ile ya mwisho. Lakini ipi ilikuwa ya mwisho? Mmoja atasema hii, mwingine ile, kila mtu kulingana na karata zilizo mkononi mwake. Sheria inasema: mgawaji asiamue kitu, aite msimamizi. Zile nne zinageuzwa uso chini, zinachanganywa, na msimamizi anachagua moja bila kuona. Hiyo inawekwa pembeni, inakuwa karata ya kuchomwa, ile ambayo kwa kawaida inatupwa kabla ya kufunua ingine. Tatu zinazobaki zinafunuliwa, mchezo unaendelea.

Wenzangu wa kitivo mumeshaelewa furaha yangu. Ni kile Ronald Fisher alichokuwa akifanya Rothamsted, Uingereza, miaka ya 1920, na majaribio ya shamba. Usichague wewe ni kipande gani kitapata mbolea, kwa maana jicho lako litapenda kipande chenye udongo mweusi. Piga kura. Mkono usioona hauna ndugu. Pale mtu amekosea na ukweli hauwezi kurudishwa, usijifanye unaurudisha. Tafuta njia ambayo haimpendelei mtu. Tulilipia kozi nzima ili kulielewa jambo hili, na watu wa kasino wameliweka ku mistari mitatu.

Kitu cha pili: kunyamaza. Kwa kawaida mchezaji hapaswi kusema neno juu ya mkono unaoendelea. Usiseme ulitupa karata gani, usimshauri mtu, kila mmoja anacheza peke yake. Adabu ya poka karibu yote ni adabu ya kufunga kinywa. Lakini mwisho ukifika, karata zikiwa wazi mezani, sheria inageuka kabisa. Karata zinajisemea zenyewe: hata mwenye nazo akikosea kuzitaja, hesabu ni ya karata, si ya kinywa. Mgawaji hana ruhusa ya kuua mkono ulioshinda waziwazi na uliokuwa umefunuliwa. Na mchezaji yeyote, hata yule aliyetoka katika mkono ule zamani, akiona karata zinasomwa vibaya au dau linapewa mtu asiye wake, anapaswa kusema. Hata kama anayefaidika na kosa ni rafiki yake. Hata kama wewe mwenyewe njo unayefaidika.

Hapa sasa ninamjibu yule mwenzangu aliyecheka.

Nilikuwa G2. Somo la magonjwa ya mimea nilikuwa nimepata 14 juu ya 20. Asistanti alitusomea pointi yeye mwenyewe. Siku ya matokeo, ku karatasi ya ukutani, mbele ya jina langu kulikuwa 4. Kidole cha mtu mmoja kilisahau kugusa 1. Muda wa rekuru ulikuwa siku mbili. Mimi sikuwa pale, nilikuwa shambani kwa mama, tunavuna maharagwe, na mtandao kule hakuna. Niliporudi, karani alinitazama na huruma ya kweli, sidanganyi, akaniambia: «Mwanangu, delibe imefungwa.» Nikarudia mtihani sesheni ya pili, nikapata 15, lakini ile miezi miwili ilinikosesha nafasi ya staji niliyokuwa nimeahidiwa, na aliyeichukua njo anafanya kazi pale mpaka leo.

Kosa la kidole sikumlaumu mtu. Kilichonibakia ku roho ni kingine. Mwenzangu wa promosheni, tuliyesoma naye ku taa moja, aliiona ile 4 siku ileile. Alijua ni kosa. Hakuenda kwa karani, hakutuma hata ujumbe. Nilipomuuliza, alinijibu pole pole: «Ndugu yangu, ile haikukuwa mambo yangu.»

Basi nilipofika ku sheria ya malalamiko, niliisoma kama mtu anayesoma barua yake. Ukiona karata zimesomwa vibaya, uko na haki ya kulalamika mpaka mkono mwingine uanze, ni kusema pale mgawaji anaanza kuchanganya karata tena. Kosa la kuhesabu dau linapewa muda zaidi kidogo: mpaka wachezaji wameanza kweli kuucheza mkono unaofuata. Na kama mkono umeishia wakati wa mapumziko, uko na dakika 1 kiisha dau kutolewa. Dakika moja! Mara ya kwanza nilikasirika, nikasema hawa ni ndugu ya wale wa delibe.

Lakini si kitu kimoja, na nilipaswa kusoma mara tatu ili nione tofauti. Mezani, muda ni mfupi kwa sababu mwenye haki yuko pale: sheria inamkataza kuondoka wakati karata zake bado zinacheza. Kosa linatendeka mbele ya macho yake na ya watu wengine nane, na wote wako na deni la kusema. Muda mfupi unakuwa wa haki pale watu mingi wanaangalia na hakuna anayeruhusiwa kusema si mambo yangu. Ukiondoa ile sehemu ya pili na kubakiza saa tu, unapata karatasi ya ukutani.

Mpaka hapa nimekisifu. Sasa niseme pale kitabu kinanishinda.

Kuna sheria inayosema mchezaji analinda karata zake yeye mwenyewe, wakati wote. Njo maana ku video munaona watu wanaweka jetoni, au sarafu ya zamani, au kasanamu, juu ya karata zao. Si uchawi. Ni kizuizi. Kwa maana mgawaji, akikusanya karata zilizotupwa, mkono wake unaweza kuchota na zako. Na kama amezichota kwa kosa, zikachanganyika na rundo, na haiwezekani kuzitambua kwa uhakika wa asilimia 100, basi imekwisha: huna dawa. Madau ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuyafuata huyapati tena. Kitu pekee unachorudishiwa ni kile ulichokuwa umeongeza na hakuna aliyekifuata bado.

Ninaelewa sababu. Karata zikiingia ku rundo, kila mtu atasema zake zilikuwa asi mbili. Huwezi kuendesha mashindano na viapo. Sawa. Lakini tazameni nani anakaa kando ya mgawaji, kiti cha kwanza kushoto na kiti cha mwisho kuume: ni yeyote aliyepewa kiti kile kwa bahati nasibu. Mkono wa mgawaji unapita kwao kila dakika. Mzoefu anajua, anakuja na sarafu yake. Mgeni, yule aliyekusanya pesa ya kuingia kwa mwaka mzima, hajui. Karata zake ziko uchi mbele yake. Ile sheria, ambayo haitaji mtu jina, inajua vizuri ni nani itamuuma.

Ingine inafanana nayo. Mwenzako ameweka jetoni zake. Unamuuliza mgawaji: ni ngapi? Anahesabu, anakuambia 8,000. Unafikiri, unasema ninafuata. Kumbe jetoni za rangi ingine zilikuwa zimejificha nyuma, ni 18,000. Sheria inasema ni kazi ya anayefuata kuhakikisha kiasi kabla ya kufuata, bila kujali aliambiwa nini na nani, unadaiwa 18,000. Msimamizi anaweza kutumia sheria ya kwanza na kukuokoa, lakini hiyo ni huruma yake, si haki yako. Yani unamuuliza mtu aliyewekwa pale ili akujibu, anakujibu, na jibu lake ni mzigo wako. Ninawafahamu waandishi: wanaogopa mgawaji na mchezaji wapatane kusema namba ya uongo, na wanaogopa mtu kujifanya hakusikia. Uoga wa haki. Lakini kuna mmoja ambaye hayuko mahali popote katika hesabu hii, na ni nyumba. Nyumba njo iliyomwajiri mgawaji, iliyompa mafunzo marefu au mafupi, iliyomwacha mezani akiwa amechoka. Nyumba inakata sehemu yake ku kila kiingilio. Nilitafuta sheria kwa sheria pale ambapo kosa la mtumishi linagusa mfuko wa nyumba. Linagusa mchezaji. Linagusa mgawaji, ambaye atatukanwa. Juu, hakuna kitu kinachopanda.

Na kutukanwa, ndiyo, tufike pale. Adabu za kitabu kwa upande huu ni nzuri kuliko zile za sinema. Ukiona kosa: sema palepale, si kiisha dakika tano. Usiguse karata, usiguse jetoni, kwa maana mezani pale vitu vilivyo mahali pake njo ushahidi. Omba msimamizi aitwe. Hakuna mgawaji wa kukukatalia. Msimamizi akifika, mgawaji anaeleza kwanza, kisha wewe, bila hadithi za jana. Ukishindwa, unacheza mkono unaofuata. Anayetupa karata usoni pa mgawaji au kumtukana anapewa onyo, au anakosa mikono kadhaa jetoni zake zikiendelea kukatwa, au anafukuzwa kabisa. Ninaipenda sheria hii kwa sababu inakumbuka kitu ambacho hasira inasahau: mgawaji hapati kitu ku kosa lake. Hana karata. Akikusukumia dau lisilo lako, mshahara wake ni uleule.

Ku video nimewaona wachezaji wakubwa, watu wa mamilioni, wakimpigia kelele mwanamke wa miaka hamsini kwa sababu karata ilifunuka wakati wa kugawa. Karata moja imefunuka! Sheria iko pale, ya kuambiwa kwa sauti ya kawaida: mara nyingi inabadilishwa tu, na ikiwa ni ya kwanza au ya pili ya mkono mzima, wanagawa upya. Haikuumiza mtu. Lakini kupiga kelele kwa mgawaji ni bure, na bwana yule alijua camera inamtazama. Pale ninaona Bond na huyu bwana ni mtu mmoja: wote wawili meza ni jukwaa lao, na anayegawa ni sehemu ya jukwaa.

Ninasema hivi na kinywa kizito, kwani mimi pia niko mgawaji. Kazi yangu ya sasa ni kupokea mahindi na maharagwe ya wakulima, kupima, kuandika ku daftari. Msimu uliopita, jua la saa nane, watu arobaini ku mstari, niliandika 68 kwa mama mmoja mwenye kilo 86. Aliona. Hajui kusoma mingi, lakini namba anazijua. Akaniambia: «Papa, hii si yangu.» Nami, mutaamini? Nilimjibu: «Mama, mizani haidanganyi,» na kuita mtu anayefuata. Mizani haikudanganya kweli, ni mimi. Vijana nyuma walianza kelele, mmoja akaniita mwizi, na kadiri walivyopiga kelele, ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika kwamba niko na haki. Aliyeniponyesha ni kijana mmoja wa mwisho wa mstari, mfuko wake haukuwa hata karibu. Alikuja mpaka mbele, akasema pole pole: «Ingénieur, mfuko ungali hapa chini. Tuurudishe ku mizani, ni dakika moja.»

Tukaurudisha. 86.

Mama hakunitukana. Lakini sasa kila akija anakuja na mjukuu wake, mtoto wa la nne primaire, anayesimama karibu na mizani na kusoma namba kwa sauti ya juu, kabla kalamu yangu haijagusa karatasi. Mara ya kwanza niliona haya mbele ya mstari mzima. Wiki iliyopita mtoto alikuwa na malaria, hakuja. Mama akaweka mfuko, akanitazama, na watu watatu nyuma yake wakaisoma namba pamoja.